Jina Upande Huu, Kina Upande Ule: Maandishi ya Kilwa Ughaibuni

Ukurasa wangu wa mtandaoni niliufungua London, usiku mmoja wa Januari, katika chumba cha kupanga ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa matofali. Nilikuwa nimetoka kazini saa mbili usiku, nikachemsha chai, nikakaa kitandani na kompyuta mapajani. Fomu ya kampuni inayopangisha nafasi za kurasa ilikuwa na maswali machache, na la kwanza ndilo lililonikwamisha: jina. Halikutakiwa jina langu. Lilitakiwa jina la mahali pa ukurasa. Nikaandika Kilwa. Nikajibiwa kwamba limekwisha kuchukuliwa. Nikajaribu kwa namna mbili tatu nyingine, jibu likawa lile lile, na mwisho nikatosheka na jina refu lisilopendeza, lililounganisha jina la babu na la mtaa wetu. Lakini kabla ya kulipa nilikaa kitambo nikijiuliza ni nani huyo aliyeinunua Kilwa kabla yangu, na kwa bei gani.

Kwetu swali hilo ni la zamani. Tarikhi ya Kilwa husimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa na mgeni aliyetoka Shirazi, na kwamba bei yake ilikuwa nguo za rangi zinazotosha kukizunguka kisiwa chote. Wanahistoria wa leo wana mashaka makubwa na Ushirazi huo, na wachimbaji wa mambo ya kale wametuonyesha mji uliokua mikononi mwa wenyeji wenyewe. Ugomvi huo sitausuluhisha hapa. Ninachokipenda ni sura ya bei yenyewe: nguo iliyotandazwa ufukoni mpaka ncha zake zikakutana. Mimi nililipa kwa kadi ya benki, ada ya mwaka mmoja, nikapewa mahali.

Fomu ile niliijaza kwa Kiingereza. Nilipokuja kuisimulia kwa Kiswahili niligundua kwamba maneno niliyoyahitaji nilikuwa nayo tangu utotoni, ila yalikuwa katika kazi nyingine. Jina la mahali pa ukurasa wataalamu wameliita jina la kikoa. Kikoa, kwa wazee wetu, ni chakula cha shirika: leo mnakula kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa fulani, hata zamu izunguke. Kuyapeleka maandishi mtandaoni ni kupakia, na kuyashusha ni kupakua. Ndizo kazi za hamali wa jahazi, na kupakua ni kazi pia ya mwenye chungu jikoni. Programu ya kusomea kurasa ni kivinjari, kutokana na kuvinjari, yaani kupita huku na huko ukiangaza, kama chombo kinacholinda mwambao. (Asitokee mtu akakifanya kivinjari kuwa jamaa wa Kilwa Kivinje. Mji ule wahusishwa na mvinje, mti wa ufukoni. Kufanana kwa sauti si udugu.) Tovuti na wavuti yangali yanagombea nafasi moja, nami nalipendelea wavuti kwa sababu ndani yake nausikia wavu.

Na mtandao? Shina lake ni kutanda. Anayeijua pwani ya kusini, kutoka Somanga hadi Lindi na kuendelea, amewaona wanawake maji yanapokupwa, wameingia baharini na kitambaa chepesi mikononi, maji yakiwafika magotini. Wanatanda uduvi. Mama yangu alitanda miaka mingi, na uduvi wake ndio ulioninunulia daftari za shule. Sidai kwamba BAKITA na watafsiri wa programu walipoyachagua maneno haya waliifikiria pwani yetu. Nasema tu kwamba mtu wa Kilwa anayefungua ukurasa ughaibuni hahitaji kuazima msamiati. Anachohitaji kujua ni nani aliyewahi kuandika kabla yake, na maandishi hayo yakaishia mikononi mwa nani.

Ukurasa wa kwanza wa Kilwa uliosafiri bila mwenyewe haukuwa wa karatasi. Ulikuwa wa shaba. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na sarafu hizo zina jambo ambalo mshairi hapaswi kulipita. Upande mmoja limeandikwa jina la sultani. Upande wa pili yameandikwa maneno machache ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yote kwa Kiarabu. Zisome pande mbili kwa kufuatana: zinakubaliana kwa vina. Mtu aliyekwenda kununua samaki sokoni alikuwa na vina kiganjani. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jina lake linahusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 na kumkuta akiitwa kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Sarafu moja yenye jina lake imeonekana Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari aitwaye Maurie Isenberg, zikiwa pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Wataalamu wanabishana juu ya namna zilivyofika huko. Mimi najisemea kwamba jina lililofungwa kwa kina lilivumilia safari ambayo mwenyewe hakuiota.

Dhahabu haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilifuliwa Lisbon ikawa chombo cha kanisa, kikakamilika mwaka 1506, na hadi leo kinatazamwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Kwenye kitako chake jina la mji wetu limo, kwa tahajia ya Kireno, Quiloa. Lakini limo kama mahali palipotoka mali. Anayetajwa kwa sifa ni mfalme Manuel, aliyeamuru kitengenezwe. Kutajwa ni jambo moja, na kusema ni jambo jingine.

Sasa tuje kwenye karatasi. Maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu. Miaka 13 kabla yake, mwaka 1698, Waomani walikuwa wamewatoa Wareno katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, na kila mji wa mwambao ulikuwa ukipima upepo. Barua za Kilwa zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa wenyeji waliokuwa upande wao. Kutoka Msumbiji zikafikishwa Goa, yalikokuwa makao makuu ya Wareno wa mashariki, na huko India zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za kihistoria. Anayetaka kuziona barua za kwanza za lugha yetu hapandi mashua kwenda Kisiwani. Anaomba viza ya India.

Itazame njia hiyo: Kilwa, Msumbiji, India. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi uliziunganisha, chini ya bahari ile ile, Maputo, Dar es Salaam na Mombasa, ukafika hadi Mumbai na Ulaya. Neno ninaloliandika London usiku, nalo linapita majini. Mei 2024 tulikumbushwa jambo hilo kwa ukali. Kwanza kilikuja kimbunga Hidaya na mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Kisha, tarehe 12 ya mwezi huo huo, mikongo ya SEACOM na EASSy ikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, watu wa kusini waliuzoea mto Rufiji kuwatenga na nchi kila masika. Kizazi cha simu kilikuwa hakijayaonja hayo. Kwa siku chache Kilwa Masoko ilirudi kuwa mbali.

Narudi kwenye barua, kwa kuwa hati yake inastahili kutazamwa na kila mpenzi wa lugha. Katika mazoea ya kale ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi moja ilibeba sauti nyingi: be iliweza kusomeka b, au p, au mb, kwa kuwa Kiarabu hakina p, na nuni au mimu ya kutangulia haikuandikwa. Neno moja lenye be mbili na fataha mbili laweza kuwa baba, laweza kuwa papa, laweza kuwa bamba, laweza kuwa pamba. Irabu nazo zilibanana, e na i katika alama moja, o na u katika nyingine. Wageni waliokuja baadaye waliuhesabu huo kuwa upungufu wa hati. Sikubaliani nao moja kwa moja. Barua ya namna hiyo ilimtaka msomaji amjue mwandishi, ajue habari za nyumba yake, ajue kama mwezi ule kulikuwa na biashara ya pamba au msiba wa baba. Ilikuwa ni maandishi ya watu wanaojuana. Ugumu wake ulianza pale ilipohama, ikasomwa na mtu asiyemjua yeyote aliyetajwa ndani.

Tarikhi yenyewe nayo ilihama. Jina lake ni Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani kitabu cha liwazo katika habari za Kilwa. Sulwa na Kulwa, kama unavyosikia, vina tena. Mtunzi aliandika kwa Kiarabu katika karne ya 16. Ametuachia tarehe ya kuzaliwa kwake, mwezi wa Shawwal mwaka 904 wa Hijra, sawa na 1499. Jina lake hakutuachia. Francisco de Almeida alipoivamia na kuipora Kilwa mwaka 1505, na kujenga ngome ambayo Wareno waliihama mwaka 1512, mtunzi wetu alikuwa mtoto wa kukimbizwa kwa mkono. Ukilijua hilo, neno liwazo katika jina la kitabu linabadilika uzito wake. Anasema alikusudia sura kumi. Nakala tuliyo nayo ina saba.

Mwaka 1552 Mreno João de Barros, ambaye hakuwahi kuikanyaga pwani yetu, alichapisha Lisbon habari za wafalme wa Kilwa zilizotokana na tarikhi ya mji wenyewe. Nakala ya Kiarabu iliyosalia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikaenda Uingereza kwa mkono wa John Kirk, aliyekuwa konseli wa Waingereza Unguja, ikachapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Sasa imo British Library, safari ya basi moja kutoka chumba changu. Watu husema kwamba makaratasi yetu yako salama zaidi huko, na kwa upande wa mchwa na unyevu wana hoja. Lakini mwezi Oktoba 2023 wezi wa mtandao waliivamia maktaba hiyo, na katalogi yake ya mtandaoni ikawa haipatikani kwa zaidi ya miezi miwili. Vitabu vilikuwamo rafuni. Ilipotea njia ya kuvifikia.

Baada ya London, ni Berlin. Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki cha mji huo, alichapisha mwaka 1907 mkusanyiko uitwao Prosa und Poesie der Suaheli. Ndani yake mna habari za kale za Kilwa Kisiwani, za Lindi na za Sudi, zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wenyeji. Kwenye jalada jina ni la Velten. Katika Berlin hiyo hiyo mlikuwa tayari na Waswahili walioandika maisha ya kila siku ya ugenini, ingawa si watu wa kwetu kusini: Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha huko miaka ya 1890 na kuyaandika aliyoyaona mjini, na Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake zikatiwa na Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Mtu wa leo anayepiga picha ya theluji ya kwanza na kuipeleka nyumbani anadhani amebuni kitu. Hao ndio babu zake.

Wa kwetu ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, moto wake ulifika haraka Lindi na bara yake, naye alivitungia utenzi kwa hati za Kiarabu. Utenzi huo ulichapishwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1933, pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya A. Lorenz: aliyeshindwa alitunga, na nchi ya mshindi ikachapa. Miaka 24 ikapita, ndipo mwaka 1957 W. H. Whiteley akautoa Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mjukuu wa mpiganaji wa Umatumbi aliyetaka kuusoma kabla ya hapo angelazimika kumwomba mtu aliyetoka Ujerumani.

Nisieleweke vibaya. Bila Lorenz na Velten, na bila karani aliyezitia barua za 1711 katika jalada la Goa badala ya kuzitupa, ningekuwa sina cha kuandika leo. Wizi siwasingizii. Kinachoniuma ni kitu kidogo zaidi, nacho ni cha ufundi wa maandishi: katika kila hatua, aliyehifadhi ndiye aliyechagua kichwa cha habari, na ndiye aliyeamua neno gani lifafanuliwe na lipi lipitwe. Msimuliaji wa Sudi hakuulizwa kama sura yake iishie pale ilipoishia.

Magazeti yalilegeza kidogo fundo hilo. Kiongozi lilitoka Tanga tangu mwaka 1904, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Kwenye kurasa za mashairi za Mambo Leo mtu wa pwani ya kusini aliweza kumjibu mtu wa Tabora, jina lake likachapwa chini ya beti zake pamoja na la mji wake. Wengine walijificha katika lakabu, na msomaji mzoefu aliwajua kwa mtindo. Mkasi, hata hivyo, ulibaki kwa mhariri, na mhariri alikuwa mtu wa serikali.

Ndipo ukaja mtandao, na kuanza kwake kwa Kiswahili kuna ajabu ambayo haijasemwa vya kutosha: milango mingi ya mwanzo ilifunguliwa nje ya nchi. Mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ulianza Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994. Ndesanjo Macha alikuwa akiishi Marekani alipoanza blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mapema miaka ya 2000, na yeye alikuwa miongoni mwa waliotuzoesha hata neno blogu. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, alifungua blogu yake Helsinki, Finland, mwezi Septemba 2005, alipokuwa huko kikazi. Kwa nini ng'ambo? Mtambo ulipatikana kwa wepesi, ndiyo, na umeme haukukatika. Lakini nadhani pia mtu aliye mbali huisikia lugha yake kwa namna nyingine. Ukiwa Kilwa, Kiswahili ni hewa. Ukiwa ndani ya basi la London, saa kumi na moja alfajiri, abiria arobaini kimya, kila mmoja na simu yake, unaanza kuzungumza nacho moyoni kama mtu.

Maandishi yangu ya mwanzo yalikuwa ya ugeni huo. Niliandika juu ya theluji, juu ya bei ya mihogo soko la mtaani, juu ya majirani wanaosalimiana kwa kutaja hali ya hewa na kupitiliza. Msomaji wangu wa hakika alikuwa mmoja, dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi Kilwa Masoko, ambaye alikuwa akimsomea Mama kutoka kwenye simu. Baada ya miezi kadhaa aliniletea ujumbe: "Mama anauliza, theluji utaandika mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata, kwangu asubuhi na kwao adhuhuri, nilipiga simu. "Shikamoo Mama." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Tukazungumza, na katika mazungumzo akasema kwamba juzi ilikuwa bamvua lakini hakwenda pwani, magoti yanamsumbua. Neno bamvua nilikuwa sijalisikia kwa miaka. Ni maji makuu ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, yanayojaa sana na kukupwa sana, hata mwamba uliofichika ukaonekana na watu wakaenda kuchokoa pweza. Kinyume chake ni maji mafu, siku za katikati, bahari inapojivuta kivivu na mwanamke hapati cha kwenda kufanya pwani. Kwa Mama hayo hayakuwa maneno ya bahari tu. Yalikuwa kalenda. Deni lililipwa bamvua ijayo. Mgeni alialikwa bamvua, kwa kuwa ndipo kitoweo kilipokuwapo.

Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi. Kila Jumamosi Mama alinipa maneno, nami niliyaandika ukurasani pamoja na maelezo aliyoyatoa yeye: majina ya pepo, kusi na kaskazi na matlai, hatua za maji, sehemu za dau, namna za kukausha pweza. Mengine yamo katika kamusi, ila kamusi inamnukuu mvuvi mwanamume aliye chomboni. Lugha ya mwanamke aliye ufukoni, anayeingia majini kwa miguu, imepitwa mara nyingi na wakusanyaji, labda kwa sababu wakusanyaji walikaa barazani na wanaume. Miaka miwili ikanipatia maneno mia mbili na kitu. Nikaanza kupata barua pepe za watu nisiowajua, mmoja Maskati, mwingine Toronto, wakibishana nami juu ya neno hili na lile. Nilifurahi kupita kiasi.

Kisha niliupoteza. Nilihama chumba, nikabadilisha benki, kadi niliyoisajili ikakoma, na ilani za kampuni zikawa zinaingia katika sanduku la barua pepe nisilolifungua. Kampuni ilingoja siku zake, ikafuta. Kosa lilikuwa langu zaidi ya nusu. Katika kikoa, zamu yangu ya kupika ilipita na sikupika. Nilipofungua kivinjari nilikuta ukurasa mweupe na tangazo kwamba jina langu refu lisilopendeza linauzwa. Nakala sikuwa nimeweka. Nilikuwa mtu wa kuwasikitikia wengine sura tatu zilizopotea za tarikhi, na nyumbani kwangu mwenyewe sikuwa na hata moja.

Nilingoja juma zima kabla ya kumwambia dada. Nilipomwambia akanyamaza kidogo, akasema, "Subiri," nikasikia droo ikivutwa. Tangu mwanzo alikuwa akiyanakili maneno yale kwa kalamu katika daftari la mistari, neno kwa neno, kwa ajili ya watoto wa darasa la tano, maana simu haziruhusiwi darasani. Hakuniambia kwa kuwa hakuona kama ni habari. Kila andiko la Kilwa ninalolijua lilisalimika kwa kuwa lilipelekwa mbali: Goa, London, Berlin. Langu lilisalimika Kilwa Masoko, ndani ya droo, chini ya masijala ya mahudhurio.

Basi sasa Jumamosi zetu zimegeuka. Dada husoma kutoka daftarini, mimi huandika upya huku London, na Mama huketi kando akisikiliza. Mahali papya nimelipia ada ya miaka mitano, na kila mwisho wa mwezi nachapa kila kitu na kukituma kwa posta. Juma lililopita tulifika kwenye kutanda. Dada akasoma kama nilivyokuwa nimeandika hapo kwanza: kuvua uduvi kwa nguo nyepesi, maji yanapokupwa.

Sauti ya Mama ikaja kutoka nyuma. "Sivyo hivyo. Hakuandika wangapi. Mwambie aandike watu wawili. Mtu mmoja hatandi."

Nikarekebisha. Dada akafunua ukurasa uliofuata.